Mbuyu wa Kilifi Haukuwa wa Kupelekwa Georgia

Mliziona picha za Kilifi, pwani ya Kenya, za 2022: mbuyu umezungushiwa shimo, matawi yamefyekwa, kreni inangoja. Uchimbaji ulikuwa wa ustadi. Kosa lilitangulia kreni, nalo ni kuchagua mbuyu, kati ya miti yote, kwa bustani ya Shekvetili nchini Georgia, ukingoni mwa Bahari Nyeusi.

Mtetezi atasema mialoni ya Georgia nayo hupukutisha majani, basi mbuyu utazoea. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mwaloni hukimbia baridi. Siku zikifupika, huvuta virutubisho kutoka majanini, ukijani huvunjika, kikonyo hujifunga, jani huanguka. Msonobari ulio jirani hubaki kijani kwa sababu sindano zake nyembamba zenye nta hazipotezi maji ovyo. Mbuyu hukimbia kitu kingine kabisa: ukame. Hukaa uchi miezi mingi, maji yakiwa shinani, na chini ya gome lake kuna tabaka la kijani linaloendelea kufanya kazi. Usingizi huo unataka ardhi kavu na joto. Shekvetili mvua hainyeshi kwa msimu, hunyesha mwaka mzima, na baridi huja pamoja nayo. Mizizi imekatwa, udongo umelowa, na hakuna majani ya kuyavuta maji: hiyo ni njia ya kuoza. Ukiujengea nyumba ya kioo, umeufuga tu.

Rais Ruto alipoagiza Novemba ile kibali cha kuusafirisha mbuyu kichunguzwe, mjadala ukageuka wa makaratasi. Sawa, lakini kibali halali kisingebadilisha mvua ya Bahari Nyeusi.

Nimelisema kila msimu wa kupanda miti na nalirudia: tunaudharau mti ulio uchi. Sherehe zetu hupanda mikaratusi na mivinje kwa kuwa hupendeza kijani daima. Mbuyu wa kiangazi mwenye shamba anauona kizuizi cha mahindi. Ndiyo maana ukauzwa kirahisi. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliwahimiza wanawake wakusanye mbegu za miti ya asili ya hapo hapo walipo. Hakuna mtaalamu wa kreni aliyemfikia kwa maarifa hayo.

Kwa hiyo kibali kijacho kianze na swali moja: mti huu hupukutisha majani ukikimbia nini? Jibu likiwa ukame, na uendako ni mvua na baridi, ombi likataliwe kabla shimo halijachimbwa.