Ngalawa Juu ya Tela

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa hazina ufukwe hata wa hatua moja. Hata hivyo, mvua inayonyesha huku kwetu haina pengine pa kwenda isipokuwa baharini. Maji ya upande wa kaskazini huingia mto Mbwemkuru, ya kusini huteremkia Lukuledi, na Lukuledi ndio unaomimina katika hori la Lindi. Naanza na mito kwa sababu kila nikiitaja ngalawa mbele ya wenzangu wa bara hujibiwa kwamba hiyo ni kazi ya watu wa pwani. Sikubali jibu hilo. Ngalawa ni gogo kabla haijawa chombo, na gogo huota nchi kavu, mara nyingi kwenye shamba la mtu ambaye hajawahi kulowa maji ya chumvi.

Mafundi wengi wa mwambao hupenda mwembe. Shina lake hunenepa vya kutosha, mbao yake haimkaidi mwenye tezo, na mti ukizeeka ukapunguza kuzaa, mwenye shamba huwa radhi kuuza. Mwembe una udhaifu wake: haudumu kama mvule wala mkongo, na anayenunua ngalawa ya mwembe ajue amenunua miaka kadhaa, si urithi wa wajukuu. Lakini ni mwepesi, na wepesi huo ndio unaowezesha watu wachache kuivuta ngalawa mchangani, au kuipandisha juu ya tela.

Mtazame fundi anapochimba tumbo la mtumbwi. Umbo la nje limekwisha kuchongwa. Sasa anakwenda ndani kwa tezo, kidogo kidogo, akipitisha kiganja kimoja ndani na kingine nje ili kuusikia unene. Pigo moja likizidi, ametoboa. Akiogopa akaacha mbao nene, chombo kitakuwa kizito na kivivu maisha yake yote. Hana mchoro wala kipimo cha karatasi. Anapokosea hakuna pa kuficha, kwa maana bahari itamwambia kila mtu. Nimewaheshimu watu wengi wenye vyeti, lakini heshima ninayompa mtu huyu ni ya aina yake.

Mtumbwi mtupu wenye tanga ungepinduka kwa upepo wa kwanza. Kinachouokoa ni mbao mbili za pembeni, ndubi, zinazoshikwa na matengo, yaani miti inayokatiza juu ya mtumbwi. Mpango huu umetoka mbali. Mwingereza James Hornell, aliyechunguza vyombo vya bahari nyingi mwanzoni mwa karne ya 20, alizilinganisha ngalawa zetu na mitumbwi ya visiwa vya Indonesia, walikotoka watu waliovuka bahari wakafika Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwenye visiwa vile, ndubi nyingi ni magogo au mianzi inayoelea. Zetu ni mbao bapa zilizolazwa mshazari, na tofauti hiyo ni jambo la uhai. Ubao wa mshazari hauelei kwa nguvu; huinuliwa na maji yanayopita chini yake. Ngalawa ikienda kasi, ndubi ya upande inakolalia huteleza juu ya maji na kuisukuma isizidi kulala. Ikisimama, msaada huo hupungua sana. Kwa hiyo ngalawa iliyoduwaa katikati ya mawimbi, tanga likiwa juu na halivuti, iko hatarini kuliko ile inayokimbia. Nahodha mzuri ama anakwenda, ama ametua tanga.

Matengo hufungwa kwa kamba. Zamani ilikuwa ya usumba, siku hizi mara nyingi ni nailoni. Wimbi linapopita chini ya ndubi moja na kuiacha nyingine hewani, chombo kizima hujipinda. Msumari mahali hapo ungepasua mti au ungeng'oka; kamba hulegea unyuzi mmoja, kisha hurudi. Kwa jicho la haraka kazi hiyo huonekana ya kimaskini, na wapo wanaodhani kwamba bolti za chuma zingekuwa maendeleo. Mimi naona kinyume. Fungio zuri la kamba, lililovutwa kwa mguu na kukazwa kwa kijiti, ni elimu kamili ya nguvu za bahari. Tena lina faida kubwa kwetu sisi wa mbali: kilichofungwa hufunguliwa. Ngalawa ikifika mchangani unaweza kuondoa matengo, kutoa ndubi, kung'oa mlingoti, kuviringisha tanga kwenye foromali, ule mti unaolibeba, na chombo kilichokuwa kipana kuliko barabara ya mtaa kikawa mzigo mwembamba.

Msimu wa korosho, minada ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, ikishalipa, kijana wa Ruangwa hununua bodaboda bila mtu kumshangaa. Akisema anataka ngalawa, wazee watauliza kama yuko sawa. Natamani siku ifike waulize tu: tela unayo?

Maana mwenye ngalawa wa huku ana deni ambalo mvuvi wa Lindi hana, nalo ni barabara. Kushuka kwenda baharini kutoka hapa si jambo jipya. Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947, walijenga reli kutoka Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, hadi Nachingwea. Mpango ulikufa 1951, na miaka michache baada ya uhuru reli hazikuwepo tena. Sisi tunashuka kwa magurudumu ya mpira: Nanganga, Mtama, Mnazi Mmoja, kisha Lindi. Mtumbwi ulale juu ya matairi chakavu au magunia ya makumbi, usigusane na chuma. Uzito uegemee kidogo mbele ya ekseli; ukiegemea nyuma, tela huanza kuyumba, na dereva hugundua hilo akiwa kwenye mteremko. Mlingoti unaotokeza nyuma ufungwe kitambaa chekundu. Mkishatoka mjini simameni mkaze kamba upya, kwa sababu kila mzigo hujipanga ukianza kutikisika. Na jua la bara msilidharau. Mbao iliyozoea unyevu ikianikwa kutwa hupasuka kwa urefu, na ufa wa urefu kwenye mtumbwi wa gogo ni msiba. Turubai juu, na kivuli kila mnapopumzika. Nyumbani ngalawa ikae chini ya mti, imeinuliwa kwenye magogo ili mchwa wasiifikie, ipakwe sifa, yaani mafuta ya samaki, kila mara.

Mkifika pwani, kabla ya kusimamisha mlingoti, inueni macho. Nyaya za umeme hupita karibu na fukwe nyingi, na mlingoti uliolowa chumvi ukigusa waya hauchagui wa kumuua. Sogezeni chombo mpaka mbingu iwe wazi, ndipo kazi ianze.

Napenda kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja anayeongoza na mwingine anayekagua, bila haraka, hata kama maji yanajaa. Matengo kwanza, kila fungio livutwe na mtu wa pili ambaye hakulifunga. Mlingoti usimame vizuri ndani ya mwashiri, kikao chake cha chini, na ufungwe kwenye mti wa juu. Halafu foromali na tanga. Bibi zetu walivaa marekani, kitambaa kilicholetwa Zanzibar na merikebu za Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, na matanga mengi ya pwani hii yalishonwa kwa kitambaa hichohicho. Leo utaona matanga ya turubai na hata ya mifuko iliyounganishwa. Kitambaa chochote kinafaa endapo dasi, ile kamba ya pembeni, imeshonwa vizuri, kwa sababu tanga huanza kuchanika ukingoni. Henza, kamba ya kutweka, ifungwe upande wa joshi unakotoka upepo, maana ikiwa pale humsaidia mlingoti kusimama. Chombo kikigeuka, henza nayo ihamie. Anayesahau hilo ndiye ambaye mlingoti wake humwangukia.

Demani ibaki mkononi. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya kamba hii moja. Ndiyo inayovuta pembe ya chini ya tanga, na mkono unapochoka kishawishi cha kuifunga kwenye tengo ni kikubwa. Usiifunge. Upepo wa ghafla ukija, mkono unaoachia hulimwaga tanga papo hapo na chombo kikasimama wima. Fundo halina masikio. Mtoto wa mvuvi anayekaa tezi akiishika demani kwa vidole, akiikaza na kuilegeza bila kuitazama, ameshajifunza nusu ya ubaharia.

Nusu ya pili ni kujua lini usitoke. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili au Mei na kuendelea mpaka karibu Oktoba, na kusi ya Juni na Julai si upepo wa mwanafunzi. Katikati ya misimu kuna siku za utulivu, asubuhi umande ukitoka nchi kavu, mchana upepo wa bahari ukirudisha wavuvi. Siku hizo ndizo za kujifunzia. Lakini kipindi cha kupokezana kwa pepo nacho kina hila zake. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mafuriko yake yakakata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa ya upepo na mawimbi kila siku. Mtu wa bara aisome kabla ya kufunga tela, si akiwa ameshafika ufukweni, kwa kuwa aliyesafiri njia yote ile hupata ukaidi wa kutotaka kurudi bure. Ukaidi huo umezamisha wengi kuliko mawimbi makubwa.

Aangalie pia mwezi. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mahali uliposhusha chombo asubuhi panaweza kuwa tope refu jioni. Mkondo wa kupwa ndani ya hori la Lindi una nguvu ya kukutoa nje hata kama tanga linakuvuta ndani.

Jaketi okozi moja kwa kila kichwa, livaliwe, lisikaliwe. Kata ya kukumbia maji ifungwe kwa kamba ili isielee ikaondoka. Kafi mbili, nanga yenye amari, yaani kamba, ndefu, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Chombo kisajiliwe na kikaguliwe na TASAC, shirika la wakala wa meli. Nyaraka hizo zina manufaa siku watu wanapokutafuta na mtu lazima aseme chombo kinafananaje. Anayetaka mafunzo ya darasani, chuo cha uvuvi cha FETA kina kampasi Mikindani. Na kabla ya yote hayo, mkifika ufukweni nendeni kwa wazee walioketi kando ya nyavu. Shikamoo, mzee wangu. Sisi ni wageni kutoka Nachingwea, tunaomba kujua maji ya leo. Atakayewajibu ameyasoma maji hayo tangu utotoni, na akisema leo msubiri, subirini.

Mwaka wa kwanza ungetosha kabisa kati ya mji wa Lindi na Kitunda ng'ambo. Hapo utajifunza kubisha, kwenda upande mmoja wa upepo kisha mwingine, na kukisi tanga kila unapogeuka: foromali ihamishwe upande wa pili wa mlingoti huku mwenzako akitoka nje kwenye tengo kukisawazisha chombo kwa uzito wa mwili wake. Wakati huo hakuna anayezungumza. Utajifunza kutua tanga kwa haraka mpaka mikono ifanye bila kuamriwa, nalo ndilo zoezi ambalo ningemlazimisha kila mtu alirudie kabla hajaruhusiwa kutoka nje ya hori.

Baadaye, kusi ikiwa ya kadiri, kuna Mchinga upande wa kaskazini. Kwenda ni raha tupu, upepo ukiwa mgongoni na pwani ikipita kushoto. Kurudi ndiko kwenye kazi: mvuvi wa Lindi lazima abishe dhidi ya upepo uleule uliompeleka, au asubiri ulegee. Mtu wa Ruangwa ana njia ya tatu. Barabara ya Dar es Salaam inapita Mchinga, na tangu asubuhi amekwisha kumwambia mwenye gari amfuate huko na tela.