Kibakuli cha Maji na Kolembola Wanaoelea

Wafugaji wengi wa tarantula wakiona utando mweupe juu ya maji ya buibui wao, humwaga maji yote na kusugua kibakuli kwa sabuni. Mara nyingi utando huo ni kundi la kolembola, vijidudu vya milimita moja au mbili ambao mfugaji mwenyewe aliwatia humo wale koga. Kwa maoni yangu, wanaoadhibiwa hapo hawana hatia. Kinachochafua maji hupita ukingoni.

Tumtazame Theraphosa blondi, tarantula mzito wa misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini, ambaye mwanasayansi Latreille alimwelezea kisayansi mwaka 1804. Miguu yake ikitandazwa hukaribia sentimita 30. Huhitaji udongo wenye unyevu daima, na penye unyevu koga hazikawii. Kolembola hula koga hizo pamoja na mabaki yanayooza, wala hawamgusi buibui.

Ngozi yao ina vinundu vidogo mno visivyoshika maji, ndiyo maana huelea. Chini ya tumbo wana kijibomba cha kunyonya maji, na karibu na mkia uma unaofyatuka na kuwarusha. Anayeelea, basi, si lazima awe amekufa. Sabuni ndiyo humzamisha, kwa kuwa hupunguza mvutano wa uso wa maji. Maji ya moto na brashi ngumu vinatosha. Kabla ya kusugua, mimina maji ya zamani taratibu kwenye kona ya udongo: kolembola wanarudi kazini, na udongo unapata unyevu wake.

Sasa ukingo. Tarantula huyu ni mchimbaji, husukuma makumbi ya nazi yaliyo katika udongo wake hadi yakaegemea kibakuli. Uzi mmoja wa kumbi ukilala nusu majini, nusu udongoni, hufanya kazi ya utambi wa taa: huvuta maji juu, huyavusha ukingo na kuyashusha nje. Asubuhi kibakuli kikavu, na mfugaji analaumu joto. Tumia kibakuli cha kauri, kizito, kipana na kifupi. Kizike nusu tu, ukingo ubaki juu ya udongo kwa upana wa kidole, mbali na mlango wa shimo. Nyuzi zilizolala ukingoni ziondoe kila unapoongeza maji.

Sifongo usiiweke kabisa. Buibui hunywa kwa kugusisha mdomo kwenye maji na kuyafyonza. Sifongo humzuia, tena hufuga bakteria. Na kolembola, kwa sifa zao zote, hawasafishi maji. Nyenje aliyefia kibakulini huoza kabla hawajamfikia, kwa hiyo mtoe siku hiyohiyo. Vaa glavu: vinyweleo anavyopukuta Theraphosa huelea majini na huwasha vibaya sana.

Wingi wa kolembola nao unasomeka. Wakijaa udongoni kote, pana mabaki mengi. Wakikusanyika kibakulini tu, udongo unakauka. Kwa Pterinochilus murinus wa Afrika Mashariki, ambaye aina yake ya rangi ya chungwa wafugaji huiita Usambara, ukavu huo ndio unaotakiwa. Kwake kolembola huishi chini ya kibakuli, penye unyevu pekee, hivyo ukikiinua kukiosha, kirudishe palepale na umwagie udongo wa chini yake maji kidogo.