Weupe Usiopakwa: Jinsi Albert Namatjira Alivyochora Jangwa

Katika michoro mingi ya Albert Namatjira, kinachovuta jicho kwanza ni shina la mkalitusi mweupe. Linang'aa kama limepigwa na jua la saa nne asubuhi, na mng'ao huo ni wa karatasi yenyewe. Kwa anayetumia rangi za maji zinazopitisha mwanga, weupe haupakwi, huachwa. Lazima aamue mapema brashi isifike wapi, maana rangi nzito ikishanywewa na karatasi, kuifuta ni kuacha doa. Namatjira aliuacha wazi upande wa shina unaotazama jua, akapitisha kivuli chepesi cha samawati au zambarau upande wa pili, na shina likapata mviringo. Nyuma yake akaweka mlima uliokolea. Hapo ndipo weupe unapopata nguvu.

Alizaliwa mwaka 1902 katika misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg, katikati ya Australia, nchi ya Waarrernte, watu wake. Mwaka 1936 alimwongozea ngamia mchoraji Rex Battarbee kwa takriban miezi miwili, na ujira wake ukawa mafunzo. Mwaka 1938 alifanya maonyesho yake ya kwanza peke yake, Melbourne, na picha zote 41 zikanunuliwa.

Miezi miwili ni michache mno, lakini mkono ulikuwa tayari. Kabla ya hapo alikuwa akitia michoro kwenye mbao za mulga kwa chuma cha moto, na alama ya moto haina marekebisho. Naamini nidhamu ile ya kufikiri kabla ya kugusa ndiyo aliyoihamishia kwenye maji.

Kuna wakosoaji waliosema anaiga Wazungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Itazame milima yake. Mazoea ya Ulaya ni kuufifisha mlima wa mbali kwa ukungu, lakini hewa ya jangwa ni kavu, na yeye aliacha kingo za mlima wa mbali zikiwa kali. Rwetyepme, ambao ramani huuita Mount Sonder, aliuchora tena na tena, kwa sababu ulikuwa mlima wa nchi yake, si mandhari ya kupita.

Mwaka 1957 alipewa uraia kamili, haki ambayo Waaborijini wengi wa eneo lake walinyimwa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo kwa kumpa pombe ndugu wa jamii yake ambaye, kwa kukosa uraia huo, hakuruhusiwa kuinywa. Alifariki Agosti 1959.

Wengi walimjua kupitia nakala zilizochapishwa na kutundikwa sebuleni. Mwaka 1983 mdhamini wa serikali aliiuza hakimiliki ya kazi zake kwa mchapishaji bila kuishauri familia. Warithi wake waliirudisha mikononi mwao mwaka 2017.