Rada Haipimi Mvua: Uhakiki wa Neno "Kipimo" katika Kiswahili cha Hali ya Hewa

Makala haya yanahakiki matumizi ya neno kipimo katika maelezo ya Kiswahili kuhusu vyombo vya ardhini vinavyochunguza tabaka la chini la angahewa ya tropiki. Nomino hiyo, iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi pima, hubeba maana ya chombo, kiwango na matokeo kwa pamoja. Sokoni upana huo hauna madhara. Katika sayansi ya angahewa huficha hatua muhimu.

Husemwa kwa kawaida kwamba rada hupima mvua. Kwa hakika, rada hupima nguvu ya mwangwi unaorudishwa na matone; kiasi cha mvua hukokotolewa baadaye. Mlinganyo mashuhuri wa Marshall na Palmer wa mwaka 1948 ulitokana na mvua za Kanada, na matone ya ngurumo za tropiki hayalazimiki kuufuata. Laida nayo hufuatilia mwendo wa chembe zinazoelea hewani, ndipo upepo ukokotolewe. Mwanga wake haupenyi wingu zito.

Ulegevu huu wa istilahi una gharama. Mwali wa rada kama ile ya Mwanza, ukiinuliwa kwa nyuzi 0.5, huwa takribani kilomita 1.5 juu ya kimo cha rada ufikapo umbali wa kilomita 100. Chini yake, pepo za nchi kavu zinazokutana usiku juu ya Ziwa Victoria kabla ya ngurumo hazionekani. Taarifa isemayo "vipimo havikuonyesha dhoruba" yaweza kueleweka kuwa ziwa ni shwari. Mvuvi wa dagaa aliye majini usiku ndiye hulipia tofauti hiyo.

Yaweza kudaiwa kwamba utofautishaji zaidi utamchosha msikilizaji wa kawaida. Hoja hiyo haina mashiko: mzungumzaji yeyote wa Kiswahili hutofautisha kupima na kukadiria bila kufundishwa. Inafaa kipimo kibakie kwa kile ambacho chombo kimepokea, na kadirio litumike kwa kilichokokotolewa.

Kwa watunga sera, suala hili ni la bajeti pia. Ramani ya rada ikiitwa kipimo, vikusanya mvua vya kuisahihishia huonekana kuwa anasa. Ikiitwa kadirio, haja ya kuvigharamia hujitetea yenyewe.