Nyota za Moto na Nyota Zenye Joto: Nani Aongoze Kazi ya Istilahi za Anga?

Kazi ya kusanifu istilahi haiishi siku neno linapochapishwa. Siku hiyo ndipo neno linapoanza kupimwa. Katika elimu ya anga kipimo hicho kimefichua kasoro ambazo hatuna budi kuzijadili waziwazi. Makala haya yanakusudia kuzichunguza kwa mfano mmoja, nao ni istilahi za nyota amilifu zenye joto kali, pamoja na namna jumuiya ya wanasayansi wanaozichunguza inavyoongozwa. Hoja yetu ni kwamba kasoro hizo hazitokani na uchache wa maneno katika Kiswahili, bali zinatokana na namna tunavyoyatafuta.

Wanaanga huzipanga nyota kwa herufi kufuatana na joto la uso wake. Zile za aina B zina joto la nyuzi 10,000 hadi 30,000 hivi, ilhali uso wa Jua letu una nyuzi 5,500 hivi. Mwaka 1866 Padre Angelo Secchi, mjini Roma, aliuchunguza mwanga wa nyota Gamma katika kundi la Cassiopeia, akaona mstari angavu wa haidrojeni mahali ambapo nyota nyingi huwa na mstari wa giza. Leo twafahamu kwamba nyota za namna hiyo hujizungusha kwa kasi kubwa mno, na gesi itokayo kiunoni mwake hufanya kisahani kinachoizingira nyota. Kisahani hicho huweza kutoweka, kisha kikarudi. Mojawapo ni Akhiri Nahari, yaani mwisho wa mto, ambayo mtu wa Unguja huiona upande wa kusini jioni za Desemba.

Je, nyota hizi tuziiteje? Neno lijalo upesi mdomoni ni "nyota za moto". Neno hili halifai, kwa kuwa lina wenyewe. Wanajimu wa pwani wamezigawa buruji kumi na mbili katika moto, udongo, upepo na maji. Hamali, Asadi na Kausi ndizo nyota za moto. Mtu wa Mwanakwerekwe akitajiwa nyota ya moto atadhani anatakiwa ataje jina lake na la mama yake ili apigiwe hesabu. "Nyota kali" nalo halifai, maana nyota ya mtu ikiwa kali huyo ana bahati. Kwa hiyo "nyota zenye joto kali", ingawa ni refu, ndilo lisilopotosha.

Kuhusu sifa ya pili, wako wapendekezao "nyota hai" kwa kufuata volkano hai. Lakini kinyume cha hai ni mfu, na nyota tulivu si mfu. "Tendaji" limekwisha kuzoeleka maofisini. "Badilifu" lafaa libaki kwa kila nyota ambayo mwanga wake hupanda na kushuka. "Amilifu" ni kavu kidogo, lakini halijashikwa na maana nyingine angani; nasi twalichagua kwa sharti kwamba liambatane na maelezo yake.

Mtu aweza kuuliza: ya nini kushughulika hivi kwa nyota ambazo wengi hawazijui? Jibu limo katika majina ya sayari. Baadhi ya vitabu vya shule nchini vilifundisha kwamba sayari iliyo karibu kabisa na Jua ni Zebaki, kwamba Uranus ni Zohali, Neptune ni Kausi, na Pluto ni Utaridi. Zebaki ni madini. Aliyetoa jina hilo alitafsiri neno la Kiingereza bila kuuliza lakusudia nini. Utaridi, jina la haki la sayari hiyo, likafukuzwa hadi kwa Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930. Zohali ni jina la kale la sayari yenye pete. Haliwezi kuwa la Uranus, ambayo iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781. Kausi ni buruji, wala si sayari. Mtoto aliyesikia kwa mwalimu wake wa chuoni kwamba Zohali ni hii, kisha akasoma skuli kwamba ni ile, atahukumu kuwa Kiswahili hakijui kisemacho. Hasara ya namna hiyo hairekebishwi kwa kuchapisha orodha nyingine.

Tutazame basi wenzetu wafanyavyo. Chini ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaanga, ulioundwa mwaka 1919, kipo kikundi cha wachunguzi wa nyota hizi, chenye kamati ya uongozi na jarida lake lililoanza mwaka 1980. Fasili iliyotolewa katika jarida hilo mwaka 1981 ilikuwa wazi: nyota ya aina B isiyo jitu kuu, ambayo mwanga wake unao, au uliwahi kuwa nao, mstari angavu wa haidrojeni. Maarifa yalipopanuka, kikundi kililipanua hata jina lake, kikawa cha nyota amilifu za aina B kwa jumla. Tena hazina ya vipimo vya nyota hizo iliyoko Ufaransa hupokea pia kazi za wapenzi wa nyota wasio wanasayansi wa kuajiriwa.

Huo ndio uongozi tunaoukosa. Kiongozi wa jumuiya ya namna hii hagawi majina kutoka mezani. Huhakikisha kwamba fasili imetangulia jina, kwamba mwenye kuona ameulizwa, na kwamba kosa lina mahali pa kusahihishiwa. Mabaraza yetu, la Taifa na la Zanzibar, yangefaa kuunda kamati moja ya istilahi za anga, yenye mwanafizikia, mwalimu wa skuli, mjuzi wa falaki na nahodha aliyewahi kusafiri kwa nyota. Kazi yake ya kwanza iwe kurudisha Utaridi na Zohali mahali pake. Ikishindwa hapo, hata "nyota amilifu" tulilolipendekeza lisipokelewe.