Boti ya Mpira Katika Jalada la X-26

Tarehe 11 Mei 1972, Luteni Michael Blassie wa Jeshi la Anga la Marekani alidunguliwa karibu na An Loc, mji wa Vietnam Kusini uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Kaskazini. Alikuwa na miaka 24, peke yake ndani ya ndege ndogo ya mashambulizi aina ya A-37. Miezi mitano baadaye doria ya Vietnam Kusini ilirudi kutoka eneo hilo na mifupa sita: mbavu nne, mfupa wa juu wa mkono na kipande cha nyonga. Walikuta pia vipande vya ovaroli ya urubani, mabaki ya parachuti, boti ya mpira ya kupulizia ya mtu mmoja, na pochi yenye kitambulisho cha Blassie. Kitambulisho kilipotea njiani. Vilivyobaki vikahifadhiwa kama mabaki yanayoaminika kuwa ya Blassie, hadi mwaka 1980 jina lilipofutwa na nafasi yake kuchukuliwa na namba X-26. Tarehe 28 Mei 1984 Rais Reagan aliongoza maziko ya mifupa hiyo kwenye makaburi ya taifa ya Arlington, katika Kaburi la Askari Asiyejulikana. Mwaka 1998 kaburi lilifunguliwa, vinasaba vikapimwa, jina likarudi lilikotoka.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa vinasaba. Ukilifuata jalada hatua kwa hatua, utaona kwamba maabara ilithibitisha tu jambo ambalo vitu vilivyookotwa vilikuwa vimekwisha kulisema tangu 1972. Kilichokosewa kilikuwa uzito. Wachunguzi walichukua makadirio, wakayapa nguvu ya kufuta ushahidi wa vitu na wa mahali. Jina liliondolewa kwa hoja tatu: urefu uliokadiriwa kutokana na mifupa ulipungua kidogo chini ya futi 6 za Blassie, umri ulionekana mkubwa kuliko wake, na unywele uliokutwa kwenye ovaroli ulitoa kundi la damu O, ilhali yeye alikuwa A. Kwa kusikiliza, hoja tatu zinazokubaliana ni nyingi. Lakini kila moja ina mwanya wake. Kumkadiria mtu urefu kwa mfupa mmoja wa mkono hutoa masafa, wala si kipimo cha fundi cherehani, na mtu aliyezidi ukingo wa masafa hayo kwa kidole hajatoka nje ya uwezekano. Umri unaosomwa kwenye kipande cha nyonga nao ni hivyohivyo. Hoja ya kundi la damu, iliyotokana na unywele uliokaa miezi mitano kwenye joto na mvua ya Vietnam ndiyo dhaifu kupita zote, na bado ndiyo iliyoonekana ya kisayansi kupita zote.

Sasa itazame boti. A-37 ina kiti kinachomrusha rubani nje ya ndege, na rubani wake hubeba parachuti pamoja na boti ya mpira iliyokunjwa, asije akaangukia majini. Siku ileile ya 11 Mei, katika eneo lilelile la An Loc, ilianguka pia helikopta ya kivita ya Jeshi la Nchi Kavu iliyorushwa na Kapteni Rodney Strobridge. Kwa urefu na kundi la damu, Strobridge alilingana na X-26 vizuri kuliko Blassie, na hapo ndipo shaka ilipopata mguu wa kusimamia. Lakini rubani wa helikopta ile hakuwa na kiti cha kumrusha, wala parachuti, wala boti ya kujiokolea. Swali la kuuliza lilikuwa moja: kati ya waliopotea eneo lile, nani angeweza kuwa na boti hii? Ni swali la mtunza stoo, halihitaji darubini. Ajabu ni kwamba vitu vyote hivyo vilikuwa kwenye orodha ya mali iliyoambatana na mifupa, mtu yeyote angeweza kuisoma.

Mtu atapinga kwamba vitu huhama. Uwanja wa vita hauna mlinzi; mpiganaji anaweza kuokota parachuti apate turubai, akachukua boti na pochi, kisha akafa navyo mbali na mwenyewe. Pingamizi hili ni zito, na kwa kitu kimoja kilichookotwa peke yake ningelikubali. Hapa kuna ovaroli, parachuti, boti na pochi vimekutwa pamoja na mifupa, katika eneo ndege ilikoanguka. Anayetaka vyote viwe vimehamia kwa mtu mwingine anabeba mzigo wa kueleza safari hiyo, na katika jalada hakuna aliyejaribu kuubeba. Kupotea kwa kitambulisho nako kulichukuliwa kama kwamba hakikuwahi kuwepo, ilhali walikuwepo watu waliokiona. Ushuhuda wao ulipaswa kupunguziwa uzito. Kuutupa ni jambo jingine.

Pingamizi la pili ni kwamba bila vinasaba pasingekuwa na uhakika. Kweli. Ila kilichopimwa 1998 ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo hurithiwa upande wa mama na vinaweza kufanana kwa watu wengi wasiofahamiana. Kipimo hicho kina maana pale tu orodha ya wanaoweza kuwa marehemu imeshafupishwa, ili ijulikane damu ya kulinganishia itoke kwa mama wa nani. Orodha ilifupishwa na makaratasi. Mwaka 1994 Ted Sampley, mwanajeshi mstaafu wa vita hivyo, aliandika kwamba aliyezikwa Arlington huenda ni Blassie. Januari 1998 televisheni ya CBS ikalitangaza jambo hilo nchi nzima. Familia ikadai kaburi lifunguliwe, na likafunguliwa Mei.

Linabaki pingamizi la tahadhari: afadhali kutotaja jina kuliko kuikabidhi familia mifupa ya mwana wa mwingine. Kwa uamuzi wa 1980 naliheshimu. Kuandika X-26 na kuacha jalada wazi kungeweza kutetewa, hata kama mizani ilikuwa imepinda. Ila kati ya kusema “hatujajua” na kusema “hajulikani” kuna hatua kubwa, na hatua hiyo haikupigwa na maabara. Tangu 1973 sheria ilitaka askari asiyejulikana wa Vietnam azikwe Arlington, na waliopatikana bila jina walikuwa wachache mno, kwa sababu helikopta za kuokoa majeruhi na kumbukumbu nzuri ziliwafanya wengi watambuliwe. Mahitaji yalikuwepo, bidhaa ikakosekana. Katika hali hiyo jalada lenye shaka lina thamani kuliko jalada lililofungwa, na ofisa anayeuliza kuhusu boti ya mpira anachelewesha sherehe.