Mkono Unaojua Moto Wake

Mai Mahiu ni mji wa mafundi. Ukiteremka kutoka Limuru kwa barabara ya chini, ukalipita lile kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiichonga barabara ubavuni mwa Bonde la Ufa, utawakuta wanangoja kazi: fundi wa magurudumu, fundi wa breki, fundi wa kuchomelea, fundi wa nyaya. Malori ya Mombasa yanayokwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupumzika hapa, na dereva humwendea fundi kwa adabu, kwa kuwa anajua ni nani anayemlindia roho yake.

Upo ufundi mwingine mjini humu usio na bango. Hufanyika nyuma ya nyumba za mabati, penye jiko la makaa na sufuria mbili, na wenye ufundi huo wengi ni akina mama. Huoka keki ya siagi yenye plamu ndani yake, kisha huirashia shira ya machungwa na ndimu ikiwa bado ya moto. Naisifu keki hiyo na mikono inayoioka, maana naamini ni kazi ya maarifa makubwa, na maarifa yenyewe hayapatikani katika kitabu cha mapishi. Yanatokana na kujua mahali ulipo: kimo cha nchi, ukavu wa upepo, tabia ya makaa, na tunda lililofika sokoni asubuhi hiyo.

Tuanze na vitu vyenyewe, kwa sababu Mai Mahiu imebahatika kuwa njia panda. Barabara ya Narok inaanzia hapa, na msimu wa mavuno malori ya ngano huja nayo kuelekea viwandani. Sehemu kubwa ya ngano tunayoila Kenya hutoka nje, lakini historia ya unga wetu iko katika kaunti hii hii ya Nakuru. Ni Njoro ambako mlowezi Lord Delamere alijaribu kupanda ngano mwanzoni mwa karne iliyopita, ikaliwa na ugonjwa wa kutu, akapanda tena; na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Kutu haijaondoka. Aina yake kali iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 imewafanya wataalamu wa nchi nyingi kuzileta mbegu zao Njoro zijaribiwe. Kila pakiti ya unga mweupe iliyo dukani ina vita virefu nyuma yake, na mwokaji anayeuchekecha mara mbili ili uingiwe na hewa anaupa heshima unayostahili.

Juu ya ukingo wa bonde iko Kinangop, nchi ya baridi iliyo zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huko huota plamu, pea na matufaha, miti inayotaka baridi ili izae. Mwishoni mwa mwaka, na mwaka mpya ukianza, plamu huteremka kwa ndoo hadi kandokando ya barabara, nyekundu na nyingine karibu nyeusi, zikiwa na ule utandu mweupe unaofutika kwa kidole. Machungwa nayo hutoka upande wa joto: Makueni, na mengine huvuka mpaka kutoka Muheza, mkoani Tanga. Mengi huwa na ganda la kijani hata yakiwa yameiva kabisa, kwa kuwa chungwa huhitaji usiku wa baridi ili liuache ukijani wake. Mgeni huyapita akidhani ni mabichi. Mwokaji huyashika moja moja, huyapima kiganjani, huchagua lililo zito kuliko umbo lake. Hivyo baridi ya Kinangop na joto la Makueni hukutana katika bakuli moja.

Kipimo cha keki yenyewe kinakumbukika hata na mtoto: robo kilo ya siagi, robo ya sukari, robo ya unga, na mayai manne makubwa au matano madogo. Ni kanuni ya zamani ya Waingereza ya kuvilinganisha uzito vitu vinne, na ilitufikia kwa njia nyingi: shule za misheni, masomo ya sayansi kimu, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanzishwa mwaka 1952. Bekingi pauda haikuwamo mwanzoni. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mke wake hakuweza kula kitu chenye hamira. Tangu hapo mwanamke wa nyumbani aliweza kuumua keki kwa dakika, bila kungoja donge lifure.

Lakini kanuni hiyo iliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mai Mahiu iko zaidi ya mita 1,500 juu yake. Hewa ya hapa ni nyepesi, maji huchemka yakifika nyuzi 94 au 95, na gesi ya bekingi pauda hupanuka upesi kuliko keki inavyoweza kushika umbo. Anayefuata kitabu neno kwa neno huona keki ikivimba kwa fahari, kisha katikati ikididimia kabla haijaiva. Waokaji wa hapa walilitambua jambo hili kwa macho. Hawakuwa na kipimahewa. Walipunguza bekingi pauda kwa robo, wakatoa sukari kijiko kimoja au viwili, kwa kuwa sukari nyingi huichelewesha keki kushikana, wakaongeza maziwa kidogo kwa sababu upepo wa bonde unaukausha unga hata ukiwa ndani ya pakiti. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini, atakwambia, "Hapa kwetu inataka hivyo." Jibu hilo fupi limebeba elimu ya miaka.

Kisha moto. Wapwani wamejua zamani kwamba chakula cha kuoka kinataka moto wa juu na wa chini, na mkate wa kumimina huokwa kwa kupalia makaa juu ya kifuniko. Bara tumeuchukua ujuzi huo tukaufanya wetu: sufuria kubwa huwekwa mchanga safi chini, sufuria ndogo yenye keki hukaa juu ya mchanga, kifuniko hufunika zote mbili, na makaa hupaliwa juu. Mchanga hupokea joto polepole na kuligawa sawasawa, kitako cha keki kisiungue. Jiko lenye udongo wa kufinyangwa ndani, ambalo lilisambaa Kenya tangu miaka ya 1980, limesaidia sana, kwani udongo hutunza joto na makaa hayaishi haraka. Hata hivyo jiko halina kitufe cha nyuzi. Halitakwambia limefika 180.

Hapa ndipo mkono unapohitajika. Mwokaji huwasha moto mapema, hungoja moshi uishe na makaa yavae majivu meupe, ndipo huanza kuyagawa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Hunyunyiza unga kidogo juu ya sufuria tupu na kuutazama. Ukiwa mweusi upesi, moto ni mkali. Ukibaki mweupe, bado. Ukigeuka polepole kuwa rangi ya chai ya maziwa, keki iingie. Dereva wa lori anayeshuka mteremko wa Mai Mahiu huchagua gia yake akiwa juu, kabla mteremko haujaanza, maana katikati ya mteremko amechelewa. Moto wa keki nao huamuliwa kabla. Kifuniko kikifunuliwa mapema ili kurekebisha kosa, baridi huingia na keki hulala.

Lakini kabla ya moto kuna kazi ya vidole. Ganda la chungwa hukwaruzwa juu juu tu, ile sehemu ya nje yenye rangi, kwa kuwa mafuta ya harufu yamo humo katika vijifuko vidogo mno, ilhali ule weupe wa chini ni mchungu. Makwaruzo hayo hayatupwi moja kwa moja katika unga. Humwagwa juu ya sukari, na mwokaji huyasugua kwa ncha za vidole. Chembe za sukari ni kali. Huvipasua vijifuko na kuyanyonya mafuta. Baada ya muda mfupi sukari iliyokuwa kavu inakuwa na unyevu, inashikana kama mchanga wa pwani, rangi yake imeingia ukijani kidogo, na harufu imejaa chumba chote hadi kwa jirani. Anayeiruka hatua hii atapata keki tamu. Anayeifuata atapata keki ambayo chungwa limo katika kila chembe yake.

Siagi na sukari hiyo hupigwa kwa mwiko hadi ziwe nyeupe na nyepesi. Mayai huingia moja moja, na kila yai lipokewe kabla ya lingine, la sivyo rojo hukatika. Unga huja mwisho na huchanganywa kwa upole. Plamu hukatwa robo robo, hupanguswa maji, hupakwa unga kidogo ili zisizame. Nusu ya rojo humiminwa, plamu hupangwa, nusu ya pili hufunika, na vipande vichache hubaki juu ngozi ikitazama nje, kwa sababu ngozi ndiyo yenye ukali na ndiyo yenye rangi.

Muda wa kuoka hausemeki kwa saa ya ukutani. Nimemshuhudia bibi mmoja akiwa ameinamisha sikio karibu na sufuria, mjukuu wake amechuchumaa kando.

"Shosho, si imeiva? Inanukia."

"Bado. Sikia, inaongea."

Na kweli keki isiyoiva huongea. Ndani yake maji yangali yanageuka mvuke, na mvuke unapopenya husikika mchakacho mdogo, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Sauti ikipungua hadi kubaki kidogo tu, kijiti huingizwa katikati. Kikitoka kikavu, makaa huondolewa. Mtoto yule alijifunza siku hiyo kwamba pua hutangulia na sikio ndilo huthibitisha, na hakuna ukurasa wa kitabu ambao ungemfundisha vile.

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Kumbe hapo ndipo keki hii inapotimia. Maji ya machungwa mawili na ndimu moja yamekwisha kukamuliwa na kuchanganywa na sukari. Wengine huyachemsha kidogo yawe shira laini, jinsi wapwani wanavyotayarisha shira ya kaimati. Wengine huyaacha mabichi ili chembe za sukari zibaki juu na kukauka kuwa gamba linalokatika chini ya jino. Mimi naipendelea njia ya pili, kwa kuwa ukali wa ndimu hubaki wote. Keki hutobolewa kwa kijiti, tundu nyingi zinazofika chini, na shira hunyunyizwa kijiko kwa kijiko, pembeni kwanza kwa sababu pembeni ndipo palipokauka zaidi, katikati mwisho.

Yote haya hufanywa keki ikiwa ya moto. Keki ya moto hunywa. Keki iliyopoa hulowa. Ikiwa ya moto, nyama yake ingali laini na shira hukimbia ndani na kuenea. Ikisha kupoa imekaza, shira husimama juu na kufanya tope. Dakika hizo chache baada ya kuepua ndizo zinazomtenga mwokaji na mtu aliyefuata maelekezo, kwa kuwa zinadai awe amekwisha kutayarisha kila kitu na atulie. Asimwage kwa pupa. Anyunyize, angoje iingie, aongeze. Kisha aiache keki katika sufuria yake hadi ipoe kabisa, na ikiwezekana hadi kesho, maana siku ya pili chungwa na plamu huwa zimepatana.

Keki hizi huoa na kuzaa mjini. Hupelekwa kwenye ruracio, sherehe ya mahari, huliwa mtoto anapobatizwa, hukatwa shule inapofungwa, hubebwa hospitalini kwa aliyejifungua. Mara nyingi aliyeoka huletewa siagi, mayai na unga na mwenye sherehe, huambiwa asante, na mambo huishia hapo. Vitu hulipwa, mkono haulipwi. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya jikoni tumeizoea kuiona kama tabia ya wanawake, jambo linalowajia kama kupumua, ilhali ya chini ya lori tunaiita kazi.

Nimeeleza ninachokijua juu ya keki hii kwa urefu ili hoja hiyo isisimame tena. Mtu anayeweza kurekebisha kanuni ya Uingereza ikubali kimo cha Mai Mahiu, kuusoma moto usio na kipimo, kulichagua tunda la kijani lililoiva, kusikia kiwango cha unyevu ndani ya sufuria iliyofungwa, na kuitambua dakika ambayo shira inapaswa kunyunyizwa, ana elimu kamili. Elimu hiyo ifundishwe wavulana na wasichana sawa, iandikwe kwa vipimo vya hapa, na anayeitaka keki kwa sherehe yake aulize bei kabla ya kuuliza lini itakuwa tayari. Fundi wa breki hupewa ujira wake bila kubembelezwa. Fundi wa keki naye apewe wake.